Jinsi ya kufuatilia ishara zinazojenga kichwa na uso wa kiinitete bila kuzama kwenye majina ya jeni

Ukianza kusoma embriolojia, yaani somo la jinsi kiinitete (mimba changa kabisa) kinavyokua, mambo yanaenda vizuri tu, yai na mbegu, seli zinagawanyika, unaelewa, alafu unafika kwenye kichwa na uso na hapo ndo wengi wanafunga kitabu, maana ghafla unamwagiwa majina ya jeni na protini zake, SHH, BMP4, FGF8, WNT, DLX5, HOXA2, TBX1, na kila jina linarudi mara tatu nne sehemu tofauti likifanya kazi tofauti. Watu wanayakariri usiku kucha, mtihani ukiisha yote yameyeyuka. Mi naona somo lenyewe sio gumu kihivyo, ila jina la molekuli peke yake halikwambii chochote. SHH inayotenganisha jicho la kulia na la kushoto ndo hiyohiyo inayopanga vidole vya mkono, na BMP inayozifanya seli ziwe ngozi ndo hiyohiyo baadae inaziambia seli zingine ziwe mfupa na zingine zife. Ishara zenyewe, yaani molekuli ambazo seli moja inatoa kuielekeza nyingine, ni chache: SHH, familia ya WNT, familia ya BMP na ndugu zake TGF-beta, familia ya FGF, endothelini, na asidi ya retinoiki inayotengenezwa kutokana na vitamini A. Hizo ndo zimebeba mzigo mkubwa.

Kwa hiyo njia ninayoipendekeza ni hii, kila ukikutana na ishara uliza nani anaituma, nani anaipokea, ni lini, na ni kiasi gani. Ukikosa jibu la swali moja bado hujaelewa, ukiyapata yote manne jina litakaa kichwani lenyewe.

Weka saa sawa kabla ya kitu chochote

Hili dogo linawapoteza hata watu wa hospitali. Wana-embriolojia wanahesabu wiki toka siku ya kutunga mimba, kliniki wanahesabu toka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na tofauti hapo ni kama wiki mbili. Kwa hiyo ukisoma kwamba uso unajengwa kati ya wiki ya 4 na ya 8, kwenye kadi ya kliniki hiyo ni kama wiki ya 6 hadi ya 10. Mimi hapa nitatumia ya kutunga mimba mwanzo mwisho.

Chukua karatasi ichore mstari mrefu, uweke alama wiki ya 3 (tabaka tatu za seli zinatengenezwa na mbele ya mwili inaamuliwa), wiki ya 4 (mrija wa neva, yaani ubongo na uti wa mgongo vikiwa bado bomba, unafunga na seli za uso zinaanza safari), wiki ya 5 mpaka ya 7 (vichomozo vya uso vinakua na kuungana), wiki ya 8 mpaka ya 12 (kaakaa linafunga). Kila utakachosoma kiweke kwenye mstari huo. Ukisoma jeni bila kujua iko wapi kwenye mstari, iache kwanza, utairudia.

Anza na swali la kichwa chenyewe: kwanini upande huu uwe kichwa?

Watu wanategemea jibu liwe kwamba kuna ishara fulani inasema "hapa kichwa". Kumbe karibu ni kinyume chake, kichwa kinatokea pale ambapo ishara fulani zimezuiwa. WNT na BMP zikiwa nyingi seli zinaelekea kuwa vitu vya nyuma, uti wa mgongo, mkia, au ngozi ya kawaida. Ili upate ubongo wa mbele na uso inabidi kuwe na kundi la seli linalomwaga protini za kuzizima.

Historia yake inasaidia sana kuelewa. Mwaka 1924 Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walichapisha jaribio lao la salamanda, walichukua kipande kidogo cha kiinitete kimoja wakakipandikiza kwenye kingine chenye rangi tofauti, upande ambao kawaida hautoi kichwa wala mgongo, na pale pakaota mwili wa pili umeungana na wa kwanza. Kwa sababu rangi zilitofautiana waliona wazi kwamba sehemu kubwa ya huo mwili wa pili imetoka kwa mwenyeji, sio kwa kipande kilichopandikizwa, yaani kipande kilikuwa kinawapa majirani maelekezo. Spemann alipata Nobel 1935, Hilde alishafariki akiwa kijana mwaka huohuo wa 1924. Ilichukua miongo mingi mpaka maelekezo yenyewe yakajulikana, na yalipojulikana yakawa ni vizuizi: Noggini na Kodini zinaishika BMP isifike kwenye kipokezi chake, DKK1 inaizuia WNT, na protini iitwayo Cerberus ukiiweka kwenye kiinitete cha chura mahali pasipo pake inaota kichwa cha ziada. Na panya asiyekuwa na DKK1 anakosa sehemu ya mbele ya kichwa.

Majibu yake manne basi: anayetuma ni seli zilizo chini na mbele ya tabaka la neva (seli zitakazokuwa ubongo na uti wa mgongo), anayepokea ni tabaka la neva lenyewe, muda ni wiki ya 3, kiasi ni WNT na BMP chini kabisa. Andika kwenye mstari wako.

Mstari wa katikati, hapa kaa sana

Ukiniuliza sehemu gani moja uielewe mpaka mwisho, nitakwambia hii, kwa sababu ukishaielewa SHH ya katikati umeshaelewa namna ya kufikiri sehemu nyingine zote.

Mwanzoni eneo la macho ni moja tu, limekaa katikati mbele ya bamba la neva, yaani lile tabaka la neva kabla halijajikunja kuwa mrija. Halijagawanyika. Chini yake kuna seli zinazoitwa bamba la mbele ya notokodi (notokodi ni kijiti laini cha katikati ya mgongo wa kiinitete), na hizo zinatoa SHH. SHH ikifika juu inawaambia wale wa katikati waache kuwa jicho, wawe sakafu ya ubongo, na hapo eneo moja linabaki mawili, kulia na kushoto, alafu ubongo wa mbele nao unagawanyika kuwa nusu mbili. SHH ikikosekana kabisa eneo halitengani, kiinitete kinapata jicho moja katikati na ubongo wa mbele usiogawanyika. Panya waliotolewa jeni hiyo walionyesha hivyo hasa mwaka 1996, na mwaka huohuo ikathibitika kwa binadamu kwamba mabadiliko kwenye SHH yanaleta holoprosensefali, yaani huo ubongo wa mbele kutogawanyika.

Lakini kisa kilichofungua mlango kilitoka machungani. Miaka ya 1950 huko Idaho, Marekani, wafugaji walikuwa wanapata wanakondoo wenye jicho moja, wengine hawafiki mbali baada ya kuzaliwa. Watafiti walifuatilia mpaka wakaufikia mmea wa porini, Veratrum californicum, na kilichowashtua ni muda: kondoo akiula siku ya 14 ya mimba ndo anazaa mwanakondoo wa jicho moja, akiula siku nyingine nje ya dirisha hilo hapati hiyo kasoro. Kemikali iliyomo ikapewa jina saiklopamini. Baadae sana, mwishoni mwa miaka ya 1990, ikaeleweka kwamba saiklopamini inaziba njia ya SHH, na ikaonekana kwamba inashika protini inayoitwa Smoothened iliyoko kwenye seli inayopokea. SHH ilikuwepo, imetumwa vizuri kabisa, ila mpokeaji hasikii. Ndo maana nasisitiza uliza nani anapokea, maana kasoro ya kutuma na kasoro ya kupokea zinaweza kutoa sura ileile. Na ujue kwamba dawa za kansa ya ngozi zilizotengenezwa kwa kuiziba Smoothened, kama vismodegibu, zimekatazwa kabisa kwa mjamzito kwa sababu hiyohiyo ya kondoo.

Sasa swali la kiasi. SHH inatoka mahali pamoja na inapungua kadri unavyoenda mbali, kama mwanga wa taa iliyowekwa kona moja ya chumba, na seli inajua iko wapi kwa kupima mwanga unaoifikia. Kwa hiyo kuikosa sio lazima iwe yote au hamna. Ukiikosa yote unapata jicho moja, ukiikosa kiasi unapata macho yaliyosogeleana sana, pua nyembamba, mdomo uliopasuka katikati, na ikipungua kidogo tu mtu anaweza kuwa mzima kabisa ila ana jino moja la mbele katikati badala ya mawili. Kuna familia ambapo mzazi ana hilo jino tu, hana shida nyingine, na mtoto wake anazaliwa na holoprosensefali kali, wote wakiwa na badiliko lilelile la jeni. Daktari anayejua hivi anaangalia meno ya wazazi. Mi hiki kitu naona ni kizuri mno, jino moja linakuambia habari za wiki ya 3.

Kitu kingine cha kuunganisha hapa ni kolestro. Protini ya SHH inapotengenezwa inashikizwa kipande cha kolestro, na Smoothened nayo inategemea kolestro kufanya kazi. Ndo maana watoto wenye ugonjwa wa Smith-Lemli-Opitz, ambao mwili wao unashindwa kumalizia kutengeneza kolestro kwa sababu ya jeni DHCR7, baadhi yao wana dalili za holoprosensefali. Ukiona ugonjwa wa kimetaboli umeingia kwenye uso usishangae, fuata njia.

Seli za ukingo wa neva: wasafiri wanaojenga uso

Hapa napo usipite haraka. Mifupa ya mkono, mguu na mbavu inatoka kwenye mesodemu, tabaka la kati la zile tatu, ila mifupa na gegedu za uso karibu zote zinatoka kwa seli za ukingo wa neva, seli zinazozaliwa pale pembeni ambapo bamba la neva linakutana na ngozi. Wilhelm His aliziona kwenye kifaranga mwaka 1868, na mwaka 1969 Nicole Le Douarin akaanza kutumia mbinu ya kupandikiza seli za kware kwenye kiinitete cha kuku, kwa sababu kiini cha seli ya kware kinaonekana tofauti kwenye hadubini, kwa hiyo unaweza kuifuata seli moja moja kuona imeishia wapi. Karibu ramani nzima ya nani anajenga nini usoni ilianzia hapo.

Mpakani hapo BMP sio nyingi kama kwenye ngozi wala sio chache kama kwenye neva, ni ya kati, ikichanganyika na WNT na FGF. Jeni kama PAX3, SNAI2, FOXD3 na SOX10 zinawaka, seli zinaachiana mikono, yaani zinapunguza ile gundi inayozishikilia pamoja, alafu zinaondoka kutembea. Ona kitu hapa: WNT ambayo wiki iliyopita ilitakiwa izimwe ili kichwa kitokee, sasa inahitajika ili wajenzi wa uso wazaliwe. Ishara ileile, mpokeaji mwingine, muda mwingine. Kama ungekuwa umekariri "WNT mbaya kwa kichwa" hapa ungepotea.

Swali linalofuata ambalo watu wengi hawaliulizi: hawa wasafiri wanajua tayari wanakwenda kujenga nini au wanaambiwa wakifika? Jibu ni yote mawili na majaribio yake ni ya kupendeza. Mwaka 2003 Richard Schneider na Jill Helms walibadilishana seli za ukingo wa neva kati ya bata na kware, bata aliyepewa seli za kware akaota mdomo wenye umbo la kware, na kware aliyepewa za bata akaota mdomo wa bata. Kwa hiyo umbo la aina ya mnyama linabebwa na msafiri mwenyewe. Ila mwaka 2002 kundi la Le Douarin walionyesha kwamba ukitoa kipande fulani cha endodemu ya mbele (tabaka la ndani kabisa) kwenye kifaranga, kipande fulani cha mifupa ya uso kinakosekana, na ukiongeza endodemu ya ziada unapata taya ya ziada. Kwa hiyo msafiri anabeba mtindo, lakini mwenyeji anamwambia ajenge kipande gani. Ukisoma makala yoyote ya uso jiulize hapa tunaongelea mtindo au tunaongelea kipande.

Matao ya koromeo na anwani mbili

Seli zinashuka kwa mikondo mpaka kwenye matao ya koromeo, yaani mikunjo iliyojipanga pembeni ya shingo ya kiinitete. Tao la kwanza linatoa taya pamoja na nyundo na fuawe, vile vifupa viwili vya sikio la kati, tao la pili linatoa kikuku (kifupa cha tatu cha sikio), sehemu ya mfupa wa haioidi ulio chini ya ulimi na misuli ya sura unayotumia kucheka. Kila tao linahitaji kujua mambo mawili, mimi ni tao la ngapi, na ndani ya tao mimi ni juu au chini.

Anwani ya kwanza ni ya jeni za HOX. Tao la kwanza halina HOX yoyote, tao la pili lina HOXA2. Mwaka 1993 panya walitolewa Hoxa2, na tao la pili likaacha kujenga vitu vyake likaanza kujenga vitu vya tao la kwanza, kwa hiyo panya akawa na seti ya pili ya vifupa vya sikio imegeuzwa kama kwenye kioo. Yaani bila HOX seli zinarudi kwenye chaguo la msingi, na chaguo la msingi ni taya.

Anwani ya pili ni endothelini-1. Inatolewa upande wa chini wa tao, inawasha DLX5 na DLX6, na hizo zinawasha HAND2. Upande wa juu zipo DLX1 na DLX2 tu. Panya waliotolewa Dlx5 na Dlx6 zote mbili waliota taya ya juu mahali pa taya ya chini, ilikuwa 2002, na mwaka 2008 watafiti wakafanya kinyume, wakawasha endothelini upande wa juu na taya ya juu ikajaribu kuwa ya chini. Ukichora jedwali la HOX kwa mlalo na DLX kwa wima umepata ramani ya karibu mifupa yote ya sehemu hiyo, na nakushauri ulichore kwa mkono, usiprinti.

Vichomozo vya uso na pale vinapoungana

Wiki ya 4 kwenda ya 5 uso ni vichomozo vitano vimezunguka mdomo: kimoja cha mbele juu, viwili vya taya ya juu, viwili vya taya ya chini. Kile cha juu kinapata plakodi za pua (vibao vya ngozi nene vitakavyokuwa ndani ya pua), pembeni yake kunainuka vichomozo vya pua vya ndani na vya nje. Wiki ya 6 na ya 7 vya ndani vinakutana katikati, alafu vinaungana na vile vya taya ya juu, na hapo ndo mdomo wa juu unapatikana, pamoja na kile kijifereji kilicho chini ya pua yako.

Nani anaviambia vikue? Ngozi ya juu yake. Mwaka 2003 ilionekana kwenye kifaranga kwamba kuna mpaka mdogo wa ngozi ambapo SHH upande mmoja inakutana na FGF8 upande mwingine, na ukiuhamisha mpaka huo ukaupandikiza sehemu nyingine ya mdomo, panaota ncha ya mdomo ya pili. Na mpaka wenyewe hauwaki bila SHH ya ubongo wa mbele ulio chini yake. Ndo maana kasoro za ubongo wa mbele na za katikati ya uso zinakwenda pamoja, jambo ambalo madaktari walishaliona toka miaka ya 1960 kabla ya kujua molekuli hata moja, walisema uso unatabiri ubongo.

BMP4 nayo inaamua unene. Mwaka 2004 Arhat Abzhanov na wenzake walilinganisha ndege wa visiwa vya Galapagos wanaojulikana kwa jina la Darwin, wenye midomo mipana ya kuvunjia mbegu ngumu walikuwa na Bmp4 nyingi zaidi na mapema zaidi, na walipoiongeza kwenye mdomo wa kifaranga cha kuku mdomo ukawa mnene na mpana. Kubadilisha kiasi na muda tu.

Kuungana ni kazi tofauti na kukua, tenganisha kichwani. Vichomozo vinaweza vikakua vizuri vikagusana na bado visiungane, kwa sababu ngozi ya katikati inatakiwa itoweke ili nyama ziwe kitu kimoja. Jeni za p63 na IRF6 ziko hapo. Mabadiliko kwenye IRF6 yanaleta ugonjwa wa Van der Woude, mpasuko wa mdomo au kaakaa pamoja na vijishimo kwenye mdomo wa chini, ilijulikana 2002. Mpasuko wa mdomo au kaakaa kwa ujumla unatokea kama kwa mtoto 1 kati ya 700, kwa hiyo hii sio habari ya nadra.

Kaakaa nitalipita haraka: vibao viwili vinaota toka taya ya juu, vinaning'inia pembeni ya ulimi, wiki ya 8 vinanyanyuka kulala juu ya ulimi, vinagusana vinaungana. TGF-beta 3 ndo inaondoa ngozi ya katikati, panya asiye nayo anazaliwa na mpasuko wa kaakaa hata kama vibao viligusana. Na taya ya chini ikiwa ndogo mno ulimi haushuki, vibao havipati nafasi, kwa hiyo sio kila mpasuko wa kaakaa ni tatizo la kaakaa.

Fuvu la juu lina habari yake ya FGF na vipokezi vyake, mishono ya mifupa ya fuvu kufunga mapema kwenye ugonjwa wa Apert na Crouzon kwa FGFR2 inayofanya kazi kupita kiasi, ila hiyo ni hadithi ya baadae kidogo kwenye mstari.

Sasa soma kinyumenyume

Hapa ndo unajua kama umeelewa. Chukua sura uliyoiona kwenye kitabu au wodini, rudi nyuma mpaka kwenye ishara. Mfano, mtoto ana mifupa ya mashavu midogo, taya ya chini ndogo, masikio ya nje hayakukamilika na hasikii vizuri, macho yameinama pembeni, akili yake nzuri tu. Jiulize ni katikati au ni pembeni? Ni pembeni, macho hayajasogeleana, kwa hiyo achana na SHH ya wiki ya 3. Ni tao gani? La kwanza na la pili, taya, mashavu, vifupa vya sikio. Sehemu zimebadilishana utambulisho, taya ya chini imekuwa ya juu? Hapana, kila kitu kipo mahali pake ila ni kidogo, kwa hiyo HOX na DLX sio watuhumiwa wa kwanza. Kilichobaki ni kwamba wajenzi walikuwa wachache. Huo ni ugonjwa wa Treacher Collins, na mara nyingi jeni ni TCOF1, iliyopatikana 1996, ambayo kazi yake ni kusaidia kutengeneza ribosomu, mashine za seli za kutengenezea protini. Seli za ukingo wa neva zinagawanyika kwa kasi zinahitaji ribosomu nyingi, zikikosa zinawasha p53, protini inayoamuru seli yenye matatizo ife, zinakufa kabla hazijaondoka. Mwaka 2008 watafiti walizuia p53 kwenye viinitete vya panya wenye kasoro hii na nyuso zikaokoka, japo kuzuia p53 kwa binadamu sio mchezo kwa sababu ndo inatulinda na kansa.

Fanya hivyohivyo kwa vitu vya kutoka nje. Pombe wiki ya 3 na ya 4 inaua seli za ukingo wa neva na kuyumbisha mstari wa katikati, matokeo ni mdomo wa juu mwembamba na kile kijifereji chini ya pua kupotea. Isotretinoini, dawa ya chunusi, ni ndugu wa asidi ya retinoiki, inaingilia anwani za HOX na safari za seli, inaharibu masikio, uso, moyo na ubongo. Angalia muda kwenye mstari wako: madirisha haya mengi yanafunguka wakati mama hajajua kama ana mimba. Kwa hiyo mtu anayetumia isotretinoini anatakiwa aongee na daktari kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kidonge cha kwanza, na asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku inashauriwa ianze angalau mwezi mmoja kabla ya kupata mimba, maana mrija wa neva upande wa kichwa unafunga kama siku ya 25. Ukianza kliniki mwezi wa tatu mrija umeshafunga au umeshashindwa kufunga zamani.

Ukitaka kuona kwa macho

Picha za vitabu zimelala, haziendi. Kama una maabara ya shule au chuo na mwalimu ameruhusu, yai la kuku lililorutubishwa likilalishwa kwenye inkubeta ya kama nyuzi 38 ndo njia rahisi kuliko zote. Tumia hatua za ukuaji wa kifaranga za Hamburger na Hamilton za mwaka 1951, ziko 46, usihesabu siku tu kwa sababu joto likipungua kidogo kifaranga kinachelewa. Siku ya 3 na ya 4 tafuta matao ya koromeo, yanaonekana kama mikunjo chini ya jicho kubwa jeusi, na vishimo vya pua. Geuza kichwa uangalie uso kwa mbele, sio kwa pembeni kama wengi wanavyofanya, ukiangalia pembeni huoni kabisa vichomozo vinavyokutana. Siku ya 5 na ya 6 mdomo unaanza kuchongoka.

Kama huna maabara nenda FaceBase kwenye intaneti, ni hifadhi ya data za uso za panya, samaki na binadamu, nyingi unaweza kuziangalia bure, ila baadhi za binadamu zinahitaji kibali. Ukifika usitafute kwa jina la jeni. Chagua mnyama, chagua siku ya ukuaji, alafu angalia jeni ipi inawaka kwenye kichomozo kipi, na pembeni ya kila picha andika majibu yako manne.